Anatuma kopa moja halafu ananyamaza mwezi mzima: je, ni mashairi yananiumiza?

*"Shikamoo mshauri. Mi ni binti wa miaka 27, naishi Nachingwea, nafanya kazi stationari. Msimu wa korosho wa mwaka juzi alikuja kijana kutoka Dar, alikuwa karani kwenye ghala, tukapendana kweli kweli, na anajua mashairi jamani, kila usiku ananitumia ubeti. Msimu ulipoisha akarudi Dar, akaniambia nisubiri. Msimu uliopita hakuja. Hajasema tumeachana wala hajasema anakuja, meseji zangu zinakuwa bluu tu, halafu baada ya wiki tatu au mwezi anaangalia stetasi yangu anatuma kopa moja, ile emoji ya moyo. Usiku nasoma beti zake na mashairi mengine ya mapenzi mpaka saa nane, nalia, silali, nguo zinanipwaya, kuna siku nasema bora nilale nisiamke. Shoga yangu anasema nifute mashairi yote nimbloki. Shangazi anasema ni jini mahaba, nipelekwe kwa mtaalamu. Je, kweli mashairi yanaweza kumuumiza mtu? Niache kusoma? Ubeti ninaoupenda kuliko yote ni huu:*

*Usiku silali kwangu, jina lako naliita,*
*Wewe ni maradhi yangu, na dawa ninayofata,*
*Umeteka moyo wangu, hata kula nimesita,*
*Subiri mpenzi wangu, ipo siku nitapita."*

Marahaba mdogo wangu. Swali lako umeliweka kwenye mashairi na tutayazungumza sana, maana ni kitu ninachokipenda toka nikiwa shule, lakini kuna sentensi umeipitisha katikati haraka haraka kama haina uzito, ile ya bora nilale nisiamke. Naanza na hiyo. Jiulize kwa ukweli, ni ule uchovu wa mtu aliyelia mpaka akaishiwa, au umeshafika mahali unawaza utajifanyaje? Kama umeshawaza njia, au kuna kitu umekiweka mahali kwa ajili hiyo, basi usimalize hata kusoma hapa, mwite shangazi au shoga yako akae na wewe, muende hospitali ya wilaya leo leo, hata kama ni usiku, na pale mapokezi usiseme kichwa kinauma, sema "nawaza kufa." Watakuelewa na watakupokea, hilo ni tatizo la afya kama malaria ilivyo. Na kama ni uchovu tu bado nataka uende wiki hii, kwa sababu kutolala, kupungua mwili na kulia, yakienda siku nyingi mfululizo zaidi ya wiki mbili, sisi tunaanza kufikiria sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito. Sonona inatibika, kwa mazungumzo na wakati mwingine kwa dawa, ila haitibiki kwa kufutwa mashairi kwenye simu.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe.

Mashairi hayajakuumiza. Nasema hivo nikiwa na uhakika kabisa, na nitakueleza kwanini, ila nitakuomba uvumilie maana maelezo ni marefu kidogo. Kila msimu wa korosho ukiisha napata maswali yanayofanana na lako, kutoka Masasi, Newala, Liwale, Ruangwa, na wengi wanaoniuliza hawajawahi kusoma shairi hata moja toka wamalize shule. Mmoja anasikiliza voisi zilezile, mwingine anaangalia picha zilezile. Msimu unaleta wageni, makarani, madereva, wanunuzi, hela inakuwepo mkononi, mji unachangamka, watu wanapendana na mapenzi yenyewe mara nyingi ni ya kweli, halafu minada inaisha, maghala yanafungwa, mmoja anapanda basi. Kinachomuumiza anayebaki ni kwamba jambo halijaisha, na hakuna aliyemwambia kuwa limeisha.

Kuna mtaalamu wa Marekani anaitwa Pauline Boss, alianza miaka ya 1970 kufuatilia familia za wanajeshi waliopotea vitani Vietnam, wake ambao waume zao hawajulikani wamekufa au wapo hai. Akaona hawa wanateseka kwa namna yake, hawawezi kuomboleza kwa sababu hakuna maiti, na hawawezi kufurahi kwa sababu hakuna mtu. Sisi huku mtu akifa tunajua cha kufanya, watu wanakuja, matanga yanakaliwa, arobaini inasomwa, mfiwa anaruhusiwa taratibu kurudi kwenye shughuli zake. Ndoa ikivunjika kuna talaka, kuna wazee wanakaa. Wewe umepata nini? Alama mbili za bluu. Hakuna matanga ya mtu ambaye jana kaangalia stetasi yako.

Na hiyo kopa ndo inanitia wasiwasi kuliko beti zote. Mwaka 1957 Wamarekani wawili, Ferster na Skinner, walitoa kitabu kikubwa kuhusu majaribio yao, mengi yalikuwa ya njiwa. Njiwa anadonoa kitufe, inadondoka punje. Ukimzoesha kupata punje kila akidonoa halafu ukaacha kumpa, atadonoa kidogo na ataacha. Lakini ukimpa punje kwa bahati bahati, mara baada ya kudonoa mara tatu, mara baada ya mara hamsini, hata ukiacha kumpa kabisa ataendelea kudonoa muda mrefu sana, kwa sababu hana namna ya kujua kama punje zimeisha au bado zamu yake. Kopa moja baada ya wiki tatu ndo punje yenyewe. Sisemi kijana anafanya kusudi, pengine kakukumbuka kweli dakika ile akabonyeza akaendelea na mambo yake, lakini kwako wewe ile kopa inafuta wiki tatu zote za kunyamaza na kesho yake unaweka stetasi nyingine ukimsubiri. Angenyamaza moja kwa moja toka mwanzo, nadhani sasa hivi ungekuwa umelia ukamaliza.

Ubongo nao una sehemu yake kwenye hili. Mwaka 2010 mtafiti Helen Fisher na wenzake waliwaingiza watu walioachwa na wapenzi wao kwenye mashine ya kupiga picha ubongo, wakawaonyesha picha za hao waliowaacha, na zikawaka sehemu zilezile zinazohusika na hamu ya mtu aliyezoea kokeini. Kwahiyo mtu akikwambia jikaze, kwani we mtoto, ujue hajui anachokisema. Hamu unayoisikia kifuani ni kitu halisi mwilini, na haipungui kwa kukemewa. Inapungua kwa kukosa chakula chake, na chakula chake ni zile punje.

Hapo sasa ndo nataka tukae na ubeti wako. Nimeusoma mara nyingi na kijana ana kipaji, sitaki kumnyima haki yake. Mizani 16 kila mstari, nane kwa nane, vina vya kati vimetulia, vya mwisho vimetulia. Kumwita mpenzi maradhi na papo hapo dawa ni njia ya zamani sana kwa washairi wa pwani na wa Kiarabu kabla yao, kwahiyo amejifunza mahali, hajaokoteza. Lakini usome tena taratibu kwa sauti, mchana, ukiwa umeshiba. Nani halali? Yeye. Nani mgonjwa? Yeye. Nani ametekwa, nani hali chakula? Yeye. Angalia vina vya kati, kwangu, yangu, wangu, wangu. Ubeti mzima ni habari zake yeye, na mahali pekee ambapo wewe umepewa kazi ya kufanya ni neno subiri. Halafu inakuja ahadi, ipo siku nitapita, haina mwezi, haina msimu, haijasema atakuja kwa nani wala kwa nia gani. Sio kosa la kishairi hilo, shairi la mapenzi halina wajibu wa kutaja tarehe, ni kama wimbo tu, linasema moyo ulivyokuwa usiku ule. Inawezekana kabisa usiku ule alimaanisha kila neno. Tatizo ni kwamba wewe umelibeba kama mkataba, umekaa nalo miezi yote hii ukisubiri mstari wa nne utimie.

Kuna jambo jingine la ushairi wetu ambalo watu wanalisahau siku hizi za kusoma peke yako kwenye simu. Shairi la Kiswahili toka zamani linataka jibu. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alijibizana na washairi wa Lamu kwa beti, huyu anarusha yule anarudisha, na mpaka mapenzi aliyatungia kama mtu anayeongea na mtu aliyekaa mbele yake. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza 1923, lilikuwa na mashairi, na hadi leo kwenye magazeti na redio utakuta mtu anauliza kwa beti na mwingine wa mkoa mwingine kabisa anamjibu. Sasa wewe umepokea beti usiku baada ya usiku, na kwenye barua yako hujanieleza hata mara moja kama uliwahi kumjibu kwa ubeti wako. Umebaki na nusu ya mazungumzo, unayasoma upya kila siku ukidhani ipo sehemu hujaielewa vizuri. Umeielewa, mdogo wangu. Nusu iliyobaki ni yako na haijaandikwa.

Nikwambie na mashairi yangu mawili ninayoyarudia nikiwa na majonzi, maana umenifungulia mlango. La kwanza ni lile la Shaaban Robert kumlilia mkewe, Amina, lipo kwenye kitabu chake cha Maisha Yangu. Kibwagizo chake wengi tunakijua, "Mapenzi tuliyofunga, hapana wa kufungua," na watu wanakinukuu kwenye kadi za harusi bila kujua kuwa ni kilio cha msiba. Lakini angalia anavyoanza, anamwambia Amina umejitenga, kufa umetangulia. Kifo amekitaja kwa jina lake kwenye mstari wa kwanza kabisa, halafu ndo anasema mapenzi hayafunguliwi. Hajajidanganya kuwa Amina atarudi. Na yule yule aliyeandika hapana wa kufungua, baadaye alioa tena, akalea watoto, akamwandikia binti yake Utenzi wa Hati na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili. Mimi nikisoma hapo napata nguvu sana, kwamba mtu anaweza kuendelea kumpenda aliyeondoka na bado akala, akalala, akapenda tena, hakuna usaliti wowote hapo.

Jingine ni la mbali, la Jalaluddin Rumi, yule wa Konya huko Uturuki, karne ya 13. Rafiki yake wa roho, Shams wa Tabriz, alipotea miaka ya 1240 bila taarifa ya uhakika. Hili liko karibu na lako, maana Rumi naye hakupata matanga. Alisafiri mpaka Damascus kumtafuta, akarudi bila yeye, akaimba maelfu ya beti. Sehemu ambayo watu hawaisimulii sana ni kwamba baada ya hapo Rumi alikaa na watu. Alishikamana na sonara mmoja, Salahuddin, na baadaye na mwanafunzi wake Husam, na ule utenzi wake mkubwa, Masnavi, unaoanza na kilio cha filimbi iliyokatwa kutoka kwenye matete yake, karibu wote aliusema kwa mdomo Husam akiandika pembeni. Mistari ya mwanzo inasimuliwa aliiandika mwenyewe, lakini yote iliyofuata ilitoka mbele ya mtu mwingine aliyeshika kalamu. Wewe unalia saa nane usiku chini ya shuka na simu.

Kwahiyo usiache kusoma, badilisha unavyosoma. Susan Nolen-Hoeksema, mwanasaikolojia wa Marekani, kwa miaka mingi alionyesha kuwa mtu mwenye huzuni anayezunguka kwenye mawazo yaleyale peke yake huzuni yake inarefuka. Usiku kitandani ndo wakati mbaya kuliko wote kwa hilo, mwili umechoka, hakuna wa kukukatisha. Weka sheria moja tu, hakuna shairi kitandani. Soma jioni ukiwa umekaa, kwa sauti, na ikiwezekana shoga yako awepo asikie. Beti zake zinakili kwa mkono, we uko stationari daftari haliwezi kukupa shida, zikiisha mkabidhi shoga yako daftari akutunzie na kwenye simu uzifute. Hapo utakuwa hujachoma kitu unachokithamini, na wakati huohuo hakiko kiganjani saa nane.

Halafu andika jibu lako. Mwaka 1986 mwanasaikolojia James Pennebaker na mwenzake waliwapa wanafunzi kazi ya kuandika dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo, juu ya jambo lililowaumiza zaidi maishani, na miezi iliyofuata waliokuwa wameandika tukio pamoja na hisia zao walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wengine. Ila walipomaliza tu kuandika walijisikia vibaya zaidi, nakutahadharisha usije ukashtuka. Ukiona siku ya pili umezidiwa kabisa, acha, mpaka uwe umeonana na mtu hospitali. Kama unaweza mizani andika kwa mizani, kuhesabu silabi kunamlazimisha mtu atulie. Unaweza kuanza, *Nimesoma beti zako, jibu nakuandikia*, kisha endelea mwenyewe. Sharti langu ni moja, mstari wa nne kila ubeti ubadilike, usiweke kibwagizo. Kichwa chako kina kibwagizo tayari kinachojirudia, hatuhitaji kingine.

Kuhusu kijana mwenyewe una njia kadhaa na nitakuwa mkweli. Kuendelea kusubiri hivi hivi siwezi kukushauri. Kupanda basi kwenda Dar kumtafuta pia hapana, hujui anakaa na nani, utafika umechoka na safari ya kutwa nzima halafu unasimama kwenye mlango wa watu. Kumbloki, shoga yako ana nusu ya ukweli, kopa zitakoma, lakini ukimbloki kabla hujauliza utabaki unajiuliza labda alikuwa anakaribia kujibu. Mimi ningetuma meseji moja, ya kawaida, isiwe shairi maana ukimpa shairi atakurudishia shairi: "Habari yako. Naomba nijibu jambo moja, una mpango na mimi au huna? Nasubiri mpaka Ijumaa ya wiki ijayo, usiponijibu nitachukua kuwa umeshajibu." Basi. Akisema anao mpango, muulize tarehe na nani atakuja kwenu kuongea na wazee, asipotaja chochote ni ubeti mwingine huo. Akinyamaza, Ijumaa hiyo mtoe kwenye watu wanaoona stetasi yako, na hapo ukimbloki utakuwa unamaliza kitu badala ya kukikimbia. Utaumia, pengine zaidi ya sasa hivi kwa wiki kadhaa, ila yatakuwa maumivu yanayoelekea mahali. Usiitume kabla hujaenda hospitali, na siku ya kuituma usiwe peke yako.

La shangazi nalo nisilipite. Sitamdharau, imani ya majini ipo huku kwetu na anaongea kwa kukupenda, ameona mtoto wake anakonda. Kama nyumbani mnasoma dua na inakutuliza, endeleeni. Lakini mtu atakayekutaka ushinde na njaa, akufukize mpaka ushindwe kupumua, akutoze mshahara wa mwezi, akuuzie limbwata la kumrudisha kijana au akwambie usiende hospitali, huyo muepuke. Na kama umewahi kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au kifua kinabana na kuuma mpaka mkononi, vieleze hospitali bila aibu, havihusiani na mashairi na vinahitaji kuangaliwa. Wilayani wakiona inafaa watakupa rufaa, hospitali ya Sokoine Lindi, au Ligula Mtwara, na hospitali ya Ndanda pia si mbali na nyie.

Ushauri wangu ni umwombe shangazi huyo huyo akusindikize. Mwambie kabla ya kwenda kwa mtaalamu wake naomba kwanza twende hospitali, tukirudi tutaongea la kwako, na ile sentensi ya nisiamke mwambie kama ulivyoniambia mimi, kwa maneno yaleyale. Watu wengi wanaoonekana wakali kuhusu majini nimewaona wakisikia hilo wanavaa viatu papo hapo.